Mtaa Uliopimwa kwa Futi ya Nguo

Mama Pindo ana miaka sitini na mitatu, na kwa arobaini na mmoja kati ya hiyo kazi yake imekuwa kupima watu. Anajua ni nani mtaani mwenye bega moja lililoshuka, nani amenenepa na hataki kuambiwa, nani huvuta tumbo ndani mara tu aonapo futi. Hamtangazi mtu. Huandika tarakimu kwa penseli kwenye daftari lake, husema, "Njoo Ijumaa," na mteja huondoka na siri yake. Jina la Pindo alipewa na wateja kwa sababu hupinda kila nguo kwa mkono, hata ile itakayovaliwa siku moja tu, na jina hilo limelifunika kabisa lile la kwenye cheti.

Nyumba yake iko kwenye kona, pale kinapoanzia kichochoro kinachopita mbele ya safu ya nyumba ishirini na sita za ghorofa moja, zenye roshani za mbao na kuta nene za mawe na chokaa. Hakuna ajuaye kwa hakika zilijengwa lini. Juu ya mlango mmoja kuna mwaka uliochongwa, lakini tarakimu mbili za mwisho zimekaliwa na kiyoyozi. Chini kwa Mama Pindo kuna cherehani mbili na meza ya kukatia. Juu kuna chumba cha kulala na jiko. Nje, ukutani upande wa kichochoro, palikuwa na kibaraza cha mawe chenye nafasi ya mtu mmoja na nusu. Huyo mmoja alikuwa mumewe. Nusu ilikuwa redio.

Mumewe, Mzee Chapa, alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji hadi presha ya macho ilipoanza kumnyang'anya, kwanza pembe za kurasa, kisha kurasa zenyewe. Huu ni mwaka wa tisa haoni kitu. Lakini kila asubuhi alitoka peke yake. Alikaa kibarazani akavaa viatu, akainuka, akaweka mgongo wa mkono wa kushoto ukutani, akaanza kuhesabu. Hatua arobaini na moja hadi kwa kinyozi. Sitini na nane hadi kwa muuza magazeti, ambaye humsomea vichwa vya habari na kuulizwa kama mistari imenyooka. Mia moja na tatu hadi bombani. Namba zote zilianzia kibarazani. Fimbo nyeupe anayo. Inaning'inia nyuma ya mlango na kazi yake ni kufukuza paka.

Mara moja binti yao aliwachukua wakakae kwake wiki mbili, kwenye nyumba mpya nje ya mji. Barabara huko ni pana, mageti yanafanana, na kati ya nyumba na nyumba hakuna ukuta wa kushika. Mzee alikaa kwenye kiti alichopewa. Wiki ya kwanza aliuliza saa ngapi, na nani kapita, na mvua inatoka upande gani. Siku ya kumi na moja aliacha kuuliza. Mama Pindo alifunga mizigo siku hiyohiyo, akamwambia binti yake, "Mwanangu, nyumba yako ni nzuri, ila inammeza baba yako."

Kwa hiyo karatasi ya halmashauri ilipobandikwa kwenye nguzo ya kona, Mama Pindo hakuhitaji kufafanuliwa. Safu yote ingebomolewa, kichochoro kikiwa chembamba mno kwa gari la zimamoto. Pangejengwa maduka. Wakazi wangepewa vyumba kwenye majengo mapya, huko huko nje ya mji. Aliibandua karatasi, akaenda kumsomea mumewe.

"Soma tena," Mzee akasema.

"Nimesoma mara mbili, baba watoto. Wanabomoa."

"Chini kabisa. Hakuna maandishi madogo?"

"Yapo. Madogo kama chawa."

"Soma hayo. Mimi ndiye niliyekuwa naambiwa niyapange madogo."

Maandishi yale yalisema kwamba wakazi wakitaka wanaweza kuleta mpango wao wenyewe wa kuufufua mtaa, ndani ya siku tisini, ukiwa na vipimo kamili vya kila nyumba, na kwamba kichochoro sharti kiwe na upana usiopungua mita tatu na nusu mahali pote.

Kikao cha kwanza kilifanyika kwenye ukumbi wa zamani wa sinema, ambao siku hizi ni ghala la rangi. Walikuja watu sitini, na kinyozi akachaguliwa mwenyekiti kwa hoja kwamba amezoea kusikiliza malalamiko huku ameshika wembe. Mtaalamu alikuwa mmoja tu, mpangamiji kijana aliyejitolea baada ya saa za kazi, ambaye kila mtu alimwita Binti wa Ramani. Ofisi hawakuwa nayo. Meza kubwa kuliko zote mtaani ilikuwa ile ya Mama Pindo ya kukatia, basi mpango ukahamia hapo.

Waliunganisha karatasi za kaki anazochorea mitindo ya nguo, wakachora mitaa, na Mama Pindo akatoa gunia la vipande vya vitambaa. Buluu iwe maji, njano taa, kijani mahali pa watoto kucheza, nyekundu hatari. Kila mkazi alikuja kubandika chake kwa pini. Kinyozi alibandika njano nne mbele ya duka lake.

"Mwenyekiti, unataka taa au unataka jua?" akaulizwa.

"Mimi nashika masikio ya watu. Mnataka nikosee?"

Kila mtu alitaka mfereji ufukuliwe kuanzia kwake, na kipande cheusi, yaani pipa la taka, kilihamishwa mara tisa kwa wiki moja, nyingi kati ya hizo wakati mwenye nyumba husika akiwa kazini. Lakini wiki ya tatu ramani ilikuwa inasema mambo ambayo hakuna aliyekuwa ameyaona yakiwa pamoja. Nyekundu zote zilikuwa ndani, kwenye ngazi na dari. Mtaa, kwa watu wake, haukuwa mchafu wala mwembamba. Ulikuwa umechoka ngazi.

Tatizo likawa vipimo vya ndani. Mtaa mzima uliwahi kutembelewa na watu wawili wenye vifaa vya kupimia, na wote wawili walikuwa wa halmashauri. Binti wa Ramani alipobisha milango akiwa na kifaa chake, aliambiwa mwenye nyumba hayupo na mwenye nyumba mwenyewe.

"Mpelekeni shemeji," akasema kinyozi, ambaye kwa urafiki wake na Mzee Chapa hamwiti Mama Pindo kwa jina lingine. "Huyu kanipima kiuno tangu kikiwa kiuno. Sebule itamshinda?"

Haikumshinda. Kwa siku kumi na sita alifunga duka saa nane mchana, akavaa futi shingoni, akaingia nyumba moja baada ya nyingine. Hakuna mlango uliofungwa. Alipima vyumba, ngazi, roshani, na sehemu zote za kichochoro. Katika nyumba ya jirani yake, mwalimu mstaafu, alikuta ngazi zimeoza kiasi kwamba mama huyo hupanda kwa mikono na magoti, miaka miwili sasa, na hajamwambia mtu. Mama Pindo aliandika: ngazi kumi na mbili, saba mbovu. Halafu akamwambia, "Njoo Ijumaa tunywe chai kwangu, chini," na baada ya hapo ikawa kila Ijumaa.

Zikiwa zimebaki siku kumi na moja, Binti wa Ramani alikuja jioni na kompyuta yake kwapani.

"Mama, kuna kitu sikielewi. Nikizipanga nyumba zako zote ishirini na sita, ya mwisho inasimama katikati ya barabara kuu. Safu imezidi mita moja na sentimita thelathini."

"Mtaa haujakua, mwanangu."

"Najua. Nipimie kitu chochote, nikuone unavyopima."

Mama Pindo alipima mlango wake mwenyewe. Alinyoosha futi kutoka fremu hadi fremu, akaitazama, akaandika.

"Futi inasema ngapi, mama?"

"Tisini."

"Umeandika tisini na tano."

Mama Pindo alilitazama daftari kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Akakaa kwenye kigoda.

"Nimeacha ziada ya mshono," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Nguo ikikatwa sawasawa na mwili, ikishashonwa haivaliki. Fundi huongeza inchi moja kila upande ili sindano ipate pa kupita. Baada ya miaka arobaini na mmoja mkono wa Mama Pindo ulikuwa unaongeza wenyewe, bila kumuuliza. Nyumba ishirini na sita, inchi mbili mbili. Alikuwa ameushonea mtaa nguo ya kutosha vizuri.

Binti wa Ramani alicheka hadi akalazimika kukaa, na Mama Pindo naye akacheka akifuta macho kwa ncha ya futi. Kisha binti akalivuta daftari karibu. Alikuwa amefungua ukurasa wa kichochoro. Kipimo chembamba kuliko vyote, kwenye daftari, kilikuwa mita tatu na nusu kamili. Ukiondoa ziada ya mshono, zilibaki tatu na sentimita arobaini na tano. Na mahali penyewe palikuwa hapo hapo, mbele ya mlango walipokaa, kutoka ukuta wa pili hadi ukingo wa kibaraza cha Mzee Chapa.

Kamati iliitwa kesho yake. Kinyozi alikuwa na jibu tayari. "Sentimita tano? Hiyo si hata upana wa kitana changu. Shemeji, nani ataona?"

"Ofisa atakuja na kifaa," akasema Binti wa Ramani. "Akikuta tumedanganya pahali pamoja, atautupa mpango wote."

Mwenye ghala la rangi alikuwa amekaa nyuma. Si mtu mbaya, ila ana tabia ya kusema linalofikiriwa na wengine. "Mimi nauliza tu," akasema. "Imekuwaje kosa likaangukia kwenye nyumba ya aliyepima?"

Mama Pindo alifungua mkoba, akatoa daftari, akalipeleka hadi nyuma na kumwekea magotini. "Anzia kwako, kaka. Sebule yako nimeiongezea kama ya kila mtu. Ukikuta nyumba hata moja niliyoipunja, njoo uniambie mbele ya hawa."

Kinyozi akapendekeza watoe sentimita tano kila mahali, kazi iishe. Mama Pindo alikataa. Hakuwa na hakika ni wapi mkono uliongeza na ni wapi ulisahau. "Nikikosea nguo sikisii," akasema. "Nafumua." Alipima upya nyumba zote kwa siku tatu, na mwenye ghala la rangi, kwa kutaka mwenyewe, alishika ncha ya pili ya futi na kusoma namba kwa sauti. Siku ya pili alikuwa ameanza kumwita dada.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwa ameambiwa. Fundi mwashi alikuwa amekwisha kukitazama kibaraza na kusema hakipunguziki. Ukikata sentimita tano, mawe yote yanamwagika. Ama kinabaki chote, ama kinatoka chote. Mama Pindo aliibeba habari hiyo kwa siku mbili. Siku ya tatu, akiwa mezani, Mzee Chapa alipapasa kikombe chake.

"Mama watoto, kikombe changu kipo kulia miaka tisa. Leo ni siku ya pili unakiweka kushoto. Nani amekufa?"

Akamweleza. Alieleza kama anavyompa mteja habari za kitambaa kilichopungua, bila kuzunguka: kibaraza kikibaki, safu inabomolewa na wote wanaenda kukaa nje ya mji, kikitoka, wanabaki.

"Basi kitoke," akasema Mzee.

"Utahesabia wapi?"

"Mlangoni."

"Mlangoni si palepale."

"Ni hatua mbili. Nitaongeza mbili. Nimepanga kurasa za kamusi kinyumenyume, herufi zimesimama kichwa chini, nishindwe kujumlisha mbili?"

Alisema hivyo kwa sauti ya kiwandani, ile ya kumshinda mtambo. Akanywa chai. Kisha, kwa sauti nyingine, "Lakini kisitoke kesho. Kesho niache nikae."

Kesho yake redio ilibaki ndani. Mama Pindo hakufungua duka. Alikaa kwenye ile nusu, bega kwa bega na mumewe, mkono mmoja ukiwa na nguo ya mteja anayoipinda, na watu waliopita waliwasalimu wakiwa wote wawili, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu kibaraza kiwe cha Mzee. Alimweleza nani anapita kabla hajasalimia. Mara tatu Mzee alimtangulia kwa mlio wa viatu. Walipoinuka jioni, alishika ukingo wa jiwe kwa vidole, akaufuata mwanzo hadi mwisho, kama alivyokuwa akikagua mstari kabla haujaenda kuchapwa.

Fundi mwashi alikivunja kwa saa nne.

Mpango ulipelekwa siku ya themanini na nane. Mzee Chapa alikuwa amesisitiza kitu kimoja: mwishoni uwekwe ukurasa wa masahihisho. Alimwamrisha Binti wa Ramani namna ya kuupanga, kipimo cha kwanza kushoto, sahihi kulia, mistari ishirini na sita ya nyumba na mmoja wa kichochoro. Kinyozi alilalamika kwamba wanajianika uchi. "Kitabu kisicho na masahihisho," Mzee akamwambia, "ni kitabu ambacho hakuna aliyekisoma kabla yako."

Ofisa mipango alikuja Alhamisi, mtu mrefu mwenye haraka. Alisimama kwenye kona, akaelekeza kifaa chake kwenye ukuta wa pili, akasoma: mita tatu na sentimita tisini na tatu. Alipima mahali pengine kumi, kila mara akilinganisha na karatasi. Zote zilikubaliana. Halafu akageukia ukurasa wa mwisho na kukaa nao kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa amekaa na kitu chochote.

"Nani alipima hapo mwanzo?"

"Mimi," akasema Mama Pindo.

"Mbona nyumba zote zimezidi kiasi kilekile?"

"Mimi ni fundi cherehani, baba."

Ofisa alitazama mkono wa shati lake, akaugeuza kidogo, akaona jinsi mshono ulivyokunjwa kwa ndani. Baada ya hapo alizunguka mtaa kwa saa mbili zaidi, na kwa mwalimu mstaafu alipanda ngazi mwenyewe, kwa mikono na magoti.

Jibu lilichukua wiki sita. Safu inabaki. Ngazi na nyaya za umeme zitakarabatiwa kwa zamu kufuata ramani ya vitambaa, nyumba mbili ziwekewe nguzo kabla ya mvua, na pipa la taka, kwa uamuzi usiokatiwa rufaa, lisimame mbele ya duka la kinyozi, ambapo kuna mwanga wa kutosha.

Mtaa ulisherehekea. Mzee Chapa hakutoka. Tangu kibaraza kivunjwe, wiki zote hizo, alikuwa ameshuka ngazi za ndani, akafika mlangoni, akasimama, akarudi kukaa karibu na cherehani. Alisema ni vumbi la waashi. Mama Pindo alimpa mkono mara mbili. Mara zote mbili aliukataa kwa upole, na mara ya tatu hakumpa. Usiku alijiuliza, bila kumwambia, kama wameuokoa mtaa wote kwa ajili ya mtu ambaye sasa hatatoka tena.

Jumatatu moja, saa mbili asubuhi, Mzee alivaa viatu akiwa amekaa kwenye kigoda cha wateja.

"Usinifuate," akasema.

"Nina kanzu tatu za kumaliza. Nikufuate kwa miguu gani?"

Akatoka. Mama Pindo alisikia mgongo wa mkono ukikwaruza chokaa mpya, ukapotea. Alikata uzi ambao haukuhitaji kukatwa. Dakika kumi. Dakika ishirini. Ndipo akamsikia mumewe, si nje, bali ng'ambo ya ukuta, kwenye chumba cha chini cha mwalimu mstaafu.

"Mama watoto! Meza umeipeleka wapi?"

"Mkeo yuko nyumba ya pili, Mzee," sauti ya mwalimu ikajibu. "Ila kwa kuwa umeshafika, kaa."

Mama Pindo aliinuka kwenda kumchukua. Alifika mlangoni. Ukuta ule ule ulikuwa unapitisha vicheko vya watu wawili wazee, na mmoja wao alikuwa hajacheka hivyo tangu siku ya mawe. Alirudi akakaa.

Baadaye kidogo Mzee alitokea, mkono ukutani, midomo ikihesabu. Alisimama mbele ya mlango.

"Hapa?"

"Hapa."

"Si arobaini na tatu," akasema. Alikuwa na jasho, na chokaa nyeupe hadi kwenye kiwiko. "Ni arobaini na nne. Ukianzia mlangoni mguu wa kwanza unatoka mfupi. Niliongeza mbili, kumbe ni tatu. Wakati wa kurudi ikapungua hatua moja, na milango yetu imegusana, nikaingia kwa watu."

"Nimesikia. Njoo ukae, chai ipo."

"Kulia?"

"Kulia."

Lakini hakuingia. Alikuwa amekwisha kugeuka. "Ngoja nirudie kabla haijanitoka," akasema, na safari hii Mama Pindo alisimama mlangoni akamtazama waziwazi, mgongo wake mwembamba ukienda kando ya ukuta, ukipita mlango wa mwalimu, ukipita ghala la rangi, hadi kinyozi alipopaza sauti kutoka ndani.

"Mzee! Si umetoka hapa sasa hivi? Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu," Mzee Chapa akajibu. "Arobaini na nne."